Tovuti ya jiji: tuanze na rangi au tuanze na fomu?

Mleta mada
Wakuu, salaam. Nimechoka kusikia tovuti ya jiji "inaboreshwa". Miezi inapita, inazinduliwa kwa makofi: nembo mpya, rangi mpya, picha za maghorofa zinapishana zenyewe juu ya ukurasa. Ukiitafuta fomu ya kibali cha ujenzi unaikuta ni ile ile, karatasi iliyoskaniwa ikiwa imelala ubavu. Unageuza simu ili uisome, nayo inageuka na wewe.

Msimamo wangu, mwenye kupinga apinge: jiji lisiguse mwonekano kabla halijajua mambo kumi yanayowaleta watu wengi zaidi kwenye tovuti yake, na kuhakikisha yote kumi yanamalizika kwa simu, mtu akiwa peke yake.

Tazameni Uingereza. Mwaka 2012 walizindua GOV.UK, tovuti moja ya serikali, ichukue nafasi ya tovuti zake za awali, Directgov na Business Link. Ni maandishi meusi juu ya weupe, picha za kuhesabu. Ukifungua ukurasa wa sikukuu za umma, kinachokupokea ni tarehe ya sikukuu ijayo kwa herufi kubwa. Hakuna "karibu sana", hakuna ujumbe wa waziri. Na mwaka 2013 tovuti hiyo hiyo ilipewa tuzo ya Ubunifu wa Mwaka na Design Museum ya London.

Fundi Rangi
Mkuu, hapo kwenye GOV.UK umejifunga goli mwenyewe. Weupe ule unadhani umetokea tu? Ukubwa wa herufi, nafasi kati ya mistari, kitufe cha kijani kukaa pale pale kila ukurasa, yote hayo ni kazi ya wabunifu. Ukisema "mwonekano baadaye" unawaambia waje kupaka rangi nyumba ambayo milango imeshakosewa.

Halafu kuna suala la imani. Mama yangu alikuwa analipa ada fulani ya jiji, akafika panapotakiwa namba ya kadi ya benki. Nembo imevutwa hadi imekuwa pana kama chapati, maandishi yamepandiana. Akanipa simu: "Hebu niangalizie, hawa si matapeli?" Ilikuwa tovuti halali kabisa. Siku ya pili akaenda kupanga foleni.

Mleta mada
Hilo la mama nalipokea. Kadi ya benki haiingizwi kwenye ukurasa unaofanana na wa wezi. Ila picha za maghorofa siziruhusu.

Msikilizaji
Ndugu zangu, mnabishana kuhusu macho. Mimi sioni, natumia kisoma-skrini, programu inayonisomea ukurasa kwa sauti. Nikiingia ukurasa nisioujua naanza kwa kuomba orodha ya viungo vyake. Ninachosikia: "soma zaidi, soma zaidi, bofya hapa, soma zaidi." Zaidi ya nini? Na hiyo fomu ya ubavu ambayo mleta mada anaigeuzia shingo, kwangu ni ukurasa mtupu. Picha ya maandishi haisomeki mpaka mtu aigeuze kuwa maandishi.

Haya mambo yana kanuni zake tayari. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kuzifanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, toleo lake la 2.1 ni la 2018, la 2.2 likatoka 2023. Aprili 2024 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitoa kanuni ya kuzibana serikali za majimbo na za mitaa zifuate toleo la 2.1, kiwango cha AA, yaani cha kati. Humo hata rangi za Fundi zimo: maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Kijivu hafifu juu ya weupe, ambacho wabunifu wanakipenda sana, mara nyingi hakifiki hapo. Aliyeshika simu juani naye atawashukuru.

Mstaafu wa TEHAMA
Niliwahi kusimamia tovuti ya jiji moja, sitalitaja. Niwaambie kinachotokea ndani. Ukurasa wa mwanzo ni kiwanja chenye mgogoro: kila idara inataka kitufe chake, na mwenye sauti kubwa kikaoni ndiye anayekaa juu. Ndiyo maana menyu hufuata muundo wa ofisi. Mwananchi anajua taka hazijazolewa. Atajuaje kama hilo ni la Mazingira, Afya au Usafi?

Na rangi haishindi kwa kuwa wakubwa wanapenda urembo. Inashinda kwa sababu haimgusi mtu. Ukitaka kupunguza maswali kwenye fomu, unamhitaji mwanasheria, mhasibu na afisa wa dirishani, na kila mmoja analo swali lake ambalo "haliwezekani kuondolewa". Ukibadilisha rangi, unahitaji mzabuni na projekta tu.

Mleta mada
Mzee wangu, umenisogeza. Basi pendekezo: badala ya mzabuni kuonyesha picha kikaoni, waletwe watu watano kutoka foleni, kila mmoja na simu yake, waambiwe "omba kibali". Wakuu wa idara wakae nyuma yao kimya. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, aliandika mwaka 2000 kwamba majaribio ya watu watano hivi hufichua sehemu kubwa ya kasoro. Halitaki bajeti kubwa hili.

Fundi Rangi
Hapo nipo, mradi nami nikae nyuma nione wanapokwama.

Mstaafu wa TEHAMA
Nililijaribu, mwanangu. Mara moja tu. Dakika ya nne mkuu wa idara alishindwa kuvumilia, akainuka, akanyoosha kidole juu ya bega la yule mama: "Si hapo, bonyeza hapa." Kisha akageuka kwetu akasema, "Mnaona? Inafanya kazi."