Mrejesho: yule mbwa wangu aliyekuwa anatetemeka baada ya kuzaa
Wakuu nimerudi. Nilisema jike langu, siku ya 16 tangu azae watoto saba, kaanza kuhema kama kafukuzwa, miguu imekakamaa, anatetemeka, nikahisi kala sumu. Mlioniambia nisingoje kukuche mmeniokolea mbwa, maana usiku uleule nilimpakia kwenye bajaji hadi kwa daktari wa mifugo, kumpima joto 41, akasema kalsiamu imeshuka kwenye damu, yote inaishia kwenye maziwa. Akamchoma kalsiamu kwenye mshipa, polepoleee huku anasikiliza moyo, haikupita nusu saa katulia, sikuamini macho yangu.

Watoto tukawatenga siku nzima nikawanywesha kwa chupa maziwa ya unga ya watoto wa mbwa, usingizi sikuuona aisee. Sasa mama anakula mara nne, ugali mtupu nimeacha (hapo nilizingua mwenyewe), nachanganya dagaa na mayai, maji muda wote. Watoto wana wiki nne, wameshaanza kulamba chakula laini.

Ila yule aliyeshauri mimba ijayo nimpe vidonge vya kalsiamu mapema, daktari kakataa kabisa, eti vinauzoesha mwili uvivu wa kujitolea kalsiamu yake kwenye mifupa.