Mashindano ya blekijeki katika kasino: yanamfaa mchezaji, au yanaifaa kasino peke yake?

Mhasibu wa Upanga

Ndugu zangu, naomba tulijadili jambo hili kwa utulivu, kwa sababu kila likitajwa watu hulimaliza kwa neno moja, kamari, kisha wakaondoka. Mwezi uliopita niliingia katika mashindano ya blekijeki, yaani ule mchezo wa karata wa kukaribia ishirini na moja bila kupitiliza, katika kasino moja ya hapa Dar es Salaam. Kiingilio kilikuwa shilingi 50,000. Tulikuwa watu 42 katika meza saba. Kila mmoja alipewa chipu za thamani ya 5,000 ambazo hazibadilishwi kuwa fedha, tukacheza migao 30, na aliyemaliza na chipu nyingi kuliko wenzake wa meza moja ndiye aliyeingia fainali.

Ninachokitetea ni hiki. Katika meza ya kawaida unapambana na kasino, nayo haichoki wala haiishiwi. Katika mashindano mgawaji ni kama refa tu. Unaopambana nao ni watu watano waliokaa kando yako, wenye woga na tamaa kama wewe. Tena hasara yako unaijua tangu mlangoni: ni elfu hamsini na haiongezeki. Zaidi ya hayo, ni mchezo unaodai kufikiri. Si bao la kijiweni ambako wazee husogeza kete ili jua lizame, wala si mkeka wa kubashiri mechi ambao kijana huukabidhi kwa Mungu dakika ya tisini. Naomba mnieleze kwa hoja ni wapi mchezaji anaonewa.

Kete Sitini na Nne, Magomeni

Nilikuwa nimekusudia kusoma na kunyamaza, lakini siwezi kuiacha sentensi ile kuhusu bao ipite. Ubao wa bao la Kiswahili una mashimo 32 na kete 64, na hakuna hata moja kati ya hizo inayofichwa. Hakuna karata iliyogeuzwa, hakuna wa kuchanganya, hakuna wa kugawa. Mchezaji mzuri akitaka kula mtaji, yaani kuteka kete za mwenzake, huhesabu kichwani namna kete zitakavyozunguka shimo baada ya shimo, pengine mizunguko kadhaa, kabla hajagusa chochote, na akikosea kwa kete moja watu waliomzunguka humwona. Wewe unayepewa karata mbili na mtu mwingine, ukaomba ya tatu bila kuijua, ndiwe unayetuambia sisi hatufikiri? Naomba neno lile ulifute kwanza, kisha tuendelee na kasino yako.

Binti Temeke

Mimi nina swali jepesi kwa ndugu Mhasibu. Umetuambia kiingilio na idadi ya watu, lakini hukututajia zawadi. Zilikuwa shilingi ngapi kwa jumla?

Mhasibu wa Upanga

Mzee wangu wa Magomeni, sikukusudia kuwadharau wazee; baba yangu mwenyewe alicheza bao hadi mwisho wa uhai wake. Nilichomaanisha ni kwamba bao la kijiweni halina kitu kinachowekwa mezani, na mtu asiye na cha kupoteza hafikiri kwa namna ile ile. Pale kasino nilijifunza hilo kwa uchungu. Katika mgao wa mwisho wa meza yetu wenzetu wanne walikuwa wamekwisha kuishiwa. Mimi nilikuwa na 5,200, mpinzani wangu alikuwa na 5,000. Zamu ya kutangulia kuweka dau ilikuwa yangu, nikaweka 500. Yeye akaweka 100, dau dogo kabisa linaloruhusiwa, nikamwona kama amekata tamaa. Mgawaji akapata ishirini, sote wawili tukapoteza. Mimi nikabaki na 4,700, yeye na 4,900, akaenda fainali. Bahati mbaya ya aina hiyo hata bingwa haimwachi.

Dada Temeke, mshindi wa kwanza alipewa shilingi 1,000,000, wa pili 350,000 na wa tatu 150,000.

Kete Sitini na Nne, Magomeni

Wasomaji ni mashahidi. Aliyetuambia kwamba mchezo wake ni wa akili amesema kwa kinywa chake kwamba alitolewa kwa bahati mbaya. Katika bao neno hilo halina mahali pa kukaa. Ukifungwa, umefungwa na mtu.

Binti Temeke

Watu 42 mara 50,000 ni shilingi 2,100,000. Zawadi zote ni 1,500,000. Kwa hiyo shilingi 600,000 hazikurudi kwa wachezaji, karibu 29 katika kila 100. Blekijeki ya meza ya kawaida, yenye kanuni nzuri na mchezaji asiyekosea, humkata mchezaji takribani nusu shilingi katika kila shilingi 100 anazoweka. Hesabu hii si siri ya kasino: askari wanne wa Marekani waliikokotoa kwa mashine za kawaida za kujumlishia na kuichapisha mwaka 1956. Sasa ndugu Mhasibu anatuambia kwamba hakupambana na kasino. Kasino ilikuwa imekwisha kula kabla karata ya kwanza haijageuzwa, ndiyo maana haikuwa na sababu ya kupambana nanyi. Mlipambana ninyi kwa ninyi, mkigombea kilichobaki.

Sisemi kwamba mashindano yote ni mabaya. Kasino ikirudisha viingilio vyote kama zawadi, mchezaji wa kawaida hapotezi chochote kwa wastani, na mchezaji mzuri anafaidika. Kasino ikiongeza chochote juu, kila aliyeingia amefaidika kabla hajaketi. Lakini hilo haliamuliwi na ubora wa mchezo. Linaamuliwa na karatasi ya zawadi, ambayo wengi hatuisomi.

Mkeka Kariakoo

Nami nina dukuduku. Mhasibu amemtaja kijana wa mkeka kana kwamba anaweka pesa akiwa amefumba macho. Mimi nauza vitambaa Kariakoo, na kila Ijumaa usiku nakaa na ratiba ya mechi, majeruhi na hali ya kila timu. Naweka shilingi 1,000, si 50,000. Nikikosa, sijakosa nauli. Yeye anayeingia kasino akiwa amevaa shati la mikono mirefu asidhani kwamba kiyoyozi kimemfanya kuwa mwanahesabu.

Binti Temeke

Kaka yangu, shilingi 1,000 ni kidogo kweli, lakini faida ya kampuni imo ndani ya kila mechi unayoichagua, na ukiunganisha mechi kumi faida hiyo inajizidisha mara kumi ndani ya mkeka mmoja. Kusoma majeruhi ni kazi nzuri ambayo kampuni nayo imeifanya kabla yako. Tusiuhamishe mjadala huko, ingawa naona umekwisha kuhama.

Mgawaji Mstaafu

Niligawa karata kwa miaka kadhaa katika kasino mbili za jiji hili, naomba nichangie kwa lile ninalolifahamu kwa mikono yangu.

Kwanza, ndugu Mhasibu, hukutolewa kwa bahati mbaya. Ulitolewa na mtu anayejua mashindano. Mpinzani wako aliona umeweka 500, akajua kwamba ukipoteza utabaki na 4,700. Akaweka 100 ili naye akipoteza abaki na 4,900. Katika mchezo huu mchezaji hupoteza karibu nusu ya migao, na karata nzuri ya mgawaji huwaangusha wote kwa pamoja, kwa hiyo alijichagulia tukio linalotokea mara nyingi kuliko jingine lolote. Kama ungeweka 100 wewe uliyetangulia, ungebaki na 5,100 hata kwa kupoteza. Asingeweza kukupita kwa kujizuia, angelazimika kuweka dau kubwa na kushinda. Mzee wetu wa bao naye alitazame hili vizuri, kwa sababu ni hesabu tupu, na haihusiani na karata uliyopewa.

Ndiyo maana ujuzi wa meza ya kawaida hautoshi katika mashindano. Mwaka 2004 Marekani waliandaa mashindano ya blekijeki ya kuonyeshwa kwenye televisheni, na mshindi wa mara ya kwanza alikuwa Mike Aponte, aliyekuwa katika kikundi cha chuo kikuu cha MIT cha Marekani cha wahesabu karata, yaani watu wanaofuatilia karata zilizokwisha kutoka ili wakadirie zilizobaki. Watu hudhani kwamba watu wa namna yake hushinda kwa kuhesabu karata. Katika migao michache namna hii kuhesabu karata hakumsaidii mtu sana. Kinachosaidia ni kujua mwenzako ana chipu kiasi gani, nani anatangulia kuweka dau, na ni wakati gani wa kuweka zote. Jambo ambalo katika meza ya kawaida lingekuwa wazimu, kama vile kuongeza dau maradufu ukiwa na ishirini, katika mgao wa mwisho laweza kuwa ndilo sahihi pekee.

Pili, dada Temeke, hesabu yako ni sahihi lakini ulinganisho wako una kasoro. Nusu shilingi katika 100 ni ya mchezaji asiyekosea, katika meza inayolipa 3 kwa 2 mtu akipata ishirini na moja kwa karata mbili za mwanzo, yaani ree na karata yenye thamani ya kumi. Meza zinazolipa 6 kwa 5 humpa mtu aliyeweka 10,000 shilingi 12,000 badala ya 15,000, na tukio hilo huja takribani mara moja katika migao 21, hivyo makato huongezeka kwa zaidi ya shilingi moja katika kila 100. Wengi niliowagawia walikuwa na makosa mengi juu ya hayo. Tuseme wanakatwa shilingi 2 katika 100. Mtu wa namna hiyo akiweka 10,000 kwa kila mgao, migao 60 kwa saa, kwa saa mbili hupoteza kwa wastani shilingi 24,000. Katika mashindano ya ndugu Mhasibu, shilingi 600,000 zikigawanywa kwa watu 42, kila mmoja amekatwa takribani 14,300. Kwa mchezaji wa kawaida wa Dar es Salaam mashindano yale yalikuwa nafuu.

Lakini nina swali kwake ambalo nalitaka lijibiwe kwa ukweli. Watu 35 walitolewa katika duru ya kwanza. Walikwenda wapi?

Binti Temeke

Nakubali kasoro ya ulinganisho. Hata hivyo sikubali kwamba unafuu ni sababu ya kunyamaza. Tuna Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Ningependa kila tangazo la mashindano liandike kwa herufi zinazosomeka ni kiasi gani cha viingilio kinarudi kama zawadi, na kama anayeishiwa chipu anaruhusiwa kununua nyingine. Hilo la kununua tena ndilo linalovunja ile hoja ya hasara kujulikana mlangoni, maana aliyetoa 50,000 mara tatu ametoa 150,000, na aliye na fedha nyingi anarudi mezani wakati asiye nazo anatazama.

Msomaji wa Kigamboni

Nimefuatilia tangu juu na ninashangaa kwamba hakuna aliyeitaja aya ya 90 ya Sura ya Al-Maida, ambayo imeiweka kamari pamoja na ulevi. Kwa aliye Mwislamu, zawadi kurudi yote au nusu hakubadilishi hukumu.

Kete Sitini na Nne, Magomeni

Ndugu wa Kigamboni, umesema kweli, na ndiyo sababu kijiweni kwetu hatuweki hata shilingi mia. Anayefungwa huondoka ubaoni na kumpisha mwingine, basi. Kwa hiyo pale Mhasibu aliposema kwamba mtu asiye na cha kupoteza hafikiri, alikosea mara ya pili. Kuna watu Magomeni ambao wakifungwa mbele ya vijana hawalali usiku ule. Heshima ni kitu cha kupoteza.

Kuhusu maelezo ya Mgawaji, nimeyasoma mara mbili na nakiri kwamba ile hesabu ya 100 na 500 ni hesabu ya kweli. Inafanana na kumwachia mwenzako nyumba yake, yaani shimo lake kuu katika bao, ili umnyime njia. Hata hivyo, baada ya hesabu yote ile bado mgawaji alipaswa kupata ishirini. Angepitiliza ishirini na moja, Mhasibu angekwenda fainali na kosa lake mkononi. Mchezo unaoweza kumpa ushindi aliyekosea sitauita mashindano.

Mgawaji Mstaafu

Mzee wangu, hata mpira wa miguu humpa ushindi aliyecheza vibaya, na hakuna anayeukatalia jina. Lakini bado nasubiri jibu la swali langu.

Mkeka Kariakoo

Nami nalisubiri.

Mhasibu wa Upanga

Nilitamani lisiulizwe. Fainali ilipangwa kuanza saa nne usiku na mimi nilitolewa saa mbili na nusu. Tulikuwa tumealikwa kukaa hadi mwisho, na chakula kilikuwa bure. Meza za kawaida zilikuwa hatua chache kutoka pale tulipokuwa, na nilikuwa na hasira ya ile 4,700. Niliketi. Nilicheza nikijiambia kwamba nimeyaona makosa yangu na sasa najua. Fainali ilipoanza sikwenda kuitazama, na nilipotoka nilikuwa nimepoteza shilingi 180,000. Sikuiweka katika maelezo yangu ya mwanzo kwa sababu niliihesabu kuwa jambo jingine.

Binti Temeke

Ahsante kwa kusema, kaka. Wale waliotolewa pamoja nawe, waliketi wengi?

Mhasibu wa Upanga

Katika meza niliyokaa tulikuwa watano, na wanne tulitoka kwenye mashindano.

Kete Sitini na Nne, Magomeni

Pole, mwanangu, na ninasema hivyo kwa moyo wote. Ila lile neno kuhusu wazee na jua kuzama bado sijaliona likifutwa.