Nasali, nakula, nalala, lakini furaha ya vitu vidogo siioni. Nyie mnafanyaje?

Tulizo:
Wakuu habari zenu. Nina jambo linanisumbua na sijui nilipeleke wapi ndo maana nimeona niliweke hapa. Mimi ni mtu wa ibada, asubuhi nasali, usiku nasali, kabla ya kula nashukuru. Ila kila kitu kinapita tu. Nasema amina akili ishafika kazini kitambo, namaliza sahani ukiniuliza chumvi ilikolea au haikukolea sijui, na jioni nyumba ikitulia badala ya kuona raha naskia kama kuna kitu nimesahau kufanya, mwisho wa siku nashika simu mpaka usingizi unikute. Sina shida kubwa, afya ipo, watu wangu wako salama, yaani naona hata aibu kulalamika.

Alafu kuna la pili. Nimelelewa kwenye mafundisho kwamba kupenda chakula kitamu ni mambo ya mwili, mtu wa Mungu anakula apate nguvu basi. Kwahiyo hata nikikaa mbele ya chakula kizuri nikaanza kukifurahia kuna kitu ndani kinaniambia punguza. Sasa naomba kuuliza, hii raha ya chakula na ya kukaa tu kimya bila kufanya chochote ina nafasi kwenye imani au ni ulafi na uvivu tunaupamba? Na nyie mnaofurahia mnafanyaje, naomba vitu vya vitendo jamani, msiniambie tu mshukuru Mungu, hilo nalijua.

Mpenda Mhubiri:
Mpendwa pole, ila hilo fundisho la kwamba chakula kitamu ni cha mwili tu me nalikataa kabisa, na silikatai kwa hisia zangu, nalikataa kwa Maandiko. Soma 1 Wafalme 19. Eliya amechoka, amekaa chini ya mti wa mretemu anaomba afe. Mungu hakumtumia mahubiri wala hakumkemea kwamba imani yake ndogo. Alimwacha alale, malaika akamgusa akamwambia inuka ule, akakuta mkate umeokwa juu ya makaa na maji ya kunywa, akala akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili. Ndipo akapata nguvu ya kwenda mpaka mlima Horebu, na huko upepo ukapita, tetemeko likapita, moto ukapita, Mungu hakuwa humo, halafu ikaja sauti ndogo ya utulivu. Angalia mpangilio wake sasa, usingizi, mkate wa moto, maji, safari, na ile sauti ndogo ikaja baada ya hayo yote. Mtu aliyechoka na njaa hata kimya hakimfai, kinamtisha.

Nenda pia Nehemia 8, watu wanalia baada ya kusomewa torati, wanaambiwa waache kulia waende wakale vilivyonona na kunywa vitamu, na wasio na kitu wapelekewe sehemu yao. Na Yohana 21, Yesu ameshafufuka, ana mamlaka yote, anakutwa alfajiri ufukweni na samaki juu ya makaa anawaita wanafunzi waje wale. Mimi hiyo picha hainichoshi. Angeweza kuanza na mafundisho, akaanza na chakula.

Binti Shukurani:
Assalaam alaykum, niongezee kwa upande wetu Waislamu maana swali ni letu sote. Kwenye Surat Al-A'raf aya ya 31 tumeamrishwa kula na kunywa na tusifanye israfu, na aya inayofuata inauliza nani aliyeharamisha vilivyo vizuri katika riziki. Kilichokatazwa ni kuvuka mpaka, ladha yenyewe haijakatazwa. Na kuna hadithi ya kwenye vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim naipenda mno, kwamba aliyefunga ana furaha mbili, furaha anapofuturu na furaha atakapokutana na Mola wake. Hebu itazame vizuri dada au kaka, ile raha ya maji yanapopita kooni jua likizama imetajwa sentensi moja na kukutana na Mwenyezi Mungu, nani tena aje atuambie furaha ya chakula ni kitu cha kuonea haya?

Kuhusu akili kukimbia kwenye ibada, kwetu kuna kitu kinaitwa twumaanina, kutulia katika kila kitendo cha swala, ukirukuu unatulia mpaka viungo vikae, ukisujudu hivohivo. Yule mtu aliyeswali harakaharaka Mtume (s.a.w.) alimwambia rudi ukaswali kwani hujaswali. Kwahiyo utulivu unaanza na mgongo na magoti, moyo unafuata taratibu. Alafu tena tumefundishwa kwamba chakula kikishaletwa mezani mtu asiswali huku moyo uko kwenye sahani, ale kwanza kisha aswali moyo ukiwa umetua. Wewe jaribu tu hilo la mwili, punguza spidi ya mwili wako kwenye sala, usihangaike na mawazo kwanza.

Mpishi wa Nyumbani:
Mimi si mtu wa aya nyingi, naongelea jikoni. Umesema hujui hata chumvi ilikolea au la, hapo ndo pa kuanzia. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha inatoka puani, ndo maana ukiwa na mafua chakula kinakuwa kama karatasi. Sasa mtu anayekula anaangalia simu anameza kabla harufu haijapanda. Fanya hivi, kata kitunguu chembamba kiweke kwenye mafuta moto mdogo kabisa, usiondoke. Mwanzo kinatoa ile harufu kali ya kuchoma macho, baadae kinalegea kinakuwa kama kioo, alafu pembeni kinaanza rangi ya dhahabu na harufu inageuka inakuwa tamu, maana kile kitunguu kina sukari yake na ule ukali unaondoka na moto. Ukikiharakisha kinaungua nje ndani kibichi. Me hapo ndo nasali kwa kweli, mwiko mkononi, sina maneno mengi, nasema tu asante na naomba kwa ajili ya wote watakaokula, mmojammoja kwa jina.

Na siyo mimi wa kwanza, kuna mtawa Mfaransa Ndugu Lawrence, alifariki 1691, alikuwa mwanajeshi kabla, akaingia kwa Wakarmeli Paris wakampa kazi ya jikoni. Kazi yenyewe hakuipenda kwa asili yake lakini alijizoeza kuongea na Mungu humohumo kwenye masufuria mpaka wakati wa kazi na wakati wa sala kwake havikuwa na tofauti. Hakusubiri jikoni kutulie ndipo atulie yeye.

Nesi wa Zamu:
Naomba niseme hili kwa upendo. Kama ni uchovu na mazoea tu, ushauri wa hapo juu unatosha. Lakini kama karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi hakuna kinachokufurahisha, hata vitu ulivyokuwa unavipenda sana, na usingizi umevurugika au unalala kupita kiasi, hamu ya kula imebadilika, unajiona huna thamani, nenda kamwone daktari. Sonona ni ugonjwa, inatibika, na si upungufu wa imani. Nimeona waumini wanajitesa kwa kufunga na kukesha wakidhani wamemkosea Mungu kumbe ni wagonjwa. Na ukifika mahali unawaza bora usiwepo usisubiri hata kesho, mwambie mtu wa karibu na uende hospitali siku hiyohiyo.

Kaa Tukae:
Nakubaliana na wengi ila kidogo niende tofauti. Naona hatari ya kuifanya furaha nayo iwe kazi, mtu anakula huku anajipima, je nimefurahi, je nimetulia, hapo ndo inakimbia kabisa. Acha kuikagua. Mimi kilichonisaidia ni kula na mtu. Pale Nehemia aliponukuliwa watu wengi wanaishia kwenye vinono wanaruka ile ya kupeleka sehemu kwa asiye na kitu, na mimi naamini furaha imekaa pale zaidi. Chakula cha kawaida kabisa, kuna jirani anayekula peke yake, mgawie au mwite. Utashangaa utakumbuka ladha ya siku hiyo bila kujilazimisha.

Na kimya cha jioni usikianzishe na saa nzima. Ukishasema amina usiinuke, kaa hapohapo, usiombe kitu kingine, skiliza tu nyumba. Friji inaunguruma, mtu anakohoa chumba cha pili, basi. Ile hali ya kuhisi umesahau kitu itakuja, iache ikae na wewe, itachoka yenyewe.

Tulizo:
Jamani asanteni, nimesoma zote mara mbilimbili, hiyo ya Eliya imenitoa machozi, sijawahi kuambiwa kwamba malaika alikuja na chakula kabla ya ujumbe. Nesi nimekuskia, usingizi kweli si mzuri na hii hali ina muda, nitaenda kuonana na daktari nisijidanganye. Simu nimeamua inabaki chumba kingine wakati wa kula. Jana nilikaa baada ya amina kama Kaa Tukae alivyosema, ni ngumu, mawazo yalikuja mengi ila niliskia watoto wanacheka upande wa pili nikajikuta natabasamu.

Swali dogo kwa Mpishi, ukisali hapo kwenye sufuria na watoto wanakuita kila dakika unafanyaje? Kwangu jikoni hakunaga kimya hata kidogo.

Mpishi wa Nyumbani:
Wape kazi ndugu yangu, mkubwa amenye vitunguu saumu, mdogo aoshe majani, wataje wao nani anakula leo na mnamwombea kila anayetajwa kwa sauti. Kelele zinabaki palepale ila zinakuwa sehemu ya sala. Na chumvi mwonjeshe mtoto, yeye atakwambia ukweli.