Hati za talaka ya Milimani zinathibitishwaje ili zikubaliwe Ujerumani?

Binti wa Embakasi

Hamjambo ndugu na dada zangu. Ndoa yangu ya kwanza ilivunjwa na mahakama ya Milimani hapa Nairobi, na mimi pamoja na aliyekuwa mume wangu ni Wakenya. Sasa nimechumbiwa na mwanamume anayeishi Ujerumani, na ofisi ya ndoa ya mji wake inataka hati za talaka zilizothibitishwa. Nilimwendea wakili mmoja hapa jijini, akagonga mhuri wake juu ya fotokopi ya dikrii, yaani hati ya mahakama ya kuvunja ndoa, nikamlipa. Hati ile ilipofika Ujerumani ilikataliwa. Juzi mtu anayejiita wakala ameniambia kwamba nikimpa pesa atanitolea apostili kwa siku mbili, kisha anitafutie mhuri wa ubalozi. Nina watoto wawili wanaonitegemea na siwezi kuendelea kulipia mihuri isiyonifikisha popote. Mwenye kuijua njia ya haki naomba anieleze ninaanzia wapi.

Karani Mstaafu

Dada, usimpe mtu huyo hata shilingi moja. Apostili ni cheti cha kuthibitisha saini na mhuri wa hati ili ikubaliwe nje, kinachotolewa na nchi zilizojiunga na Mkataba wa Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961, na Kenya haimo miongoni mwa nchi hizo. Kwa hiyo hakuna ofisi ya Kenya yenye mamlaka ya kukitoa, na anayekuahidi apostili ya Nairobi anakuuzia karatasi ya kughushi ambayo inaweza kukuharibia hata maombi yako ya viza.

Kuhusu mhuri wa wakili, elewa kwamba wakili anayegonga mhuri juu ya fotokopi anashuhudia tu kuwa nakala inafanana na karatasi aliyoonyeshwa, wala hawezi kusema kwa niaba ya mahakama kwamba talaka hiyo imo katika kumbukumbu zake. Anayeweza kusema hivyo ni mahakama yenyewe. Nenda masjala ukiwa na nambari ya kesi, majina ya pande zote mbili na mwaka wa hukumu, kisha uombe nakala ya dikrii iliyothibitishwa kwa saini na lakiri ya mahakama. Kama kesi ilifunguliwa Nairobi baada ya Julai 2020, mfumo wa kielektroniki wa kufungulia kesi ulikuwa umekwisha kuanza, na mara nyingi huwa rahisi kuipata kuliko majalada ya zamani, ambayo huenda ukalazimika kuyafuatilia kwa siku kadhaa.

Lakini kabla ya yote hayo, isome dikrii uliyo nayo mstari kwa mstari. Mahakama zetu huanza kwa kutoa dikrii ya awali, ambayo hugeuka kuwa ya mwisho baada ya muda uliowekwa na hakimu, mara nyingi siku thelathini. Watu wengi huondoka na ile ya kwanza wakidhani mambo yamekwisha. Dikrii ya awali haikuruhusu kuolewa tena, hapa wala Ujerumani, hata ikiwa na mihuri kumi.

Mwana wa Pangani

Namuunga mkono mzee wetu hapo juu, na ninaongeza niliyoyapitia mwenyewe nilipokwenda kufanya kazi katika Falme za Kiarabu, kwa sababu njia ya huko ni tofauti. Mimi nilianza na nakala ya mahakama, nikaipeleka Wizara ya Mambo ya Nje, ambayo makao yake ni jengo la Old Treasury pale Harambee Avenue, kisha ubalozi wao hapa Nairobi, na nilipofika huko ikathibitishwa tena na wizara yao ya mambo ya nje. Kila ofisi huthibitisha saini ya ofisi iliyotangulia, basi ukiruka moja, inayofuata haina cha kushika.

Kilichonichelewesha zaidi ni jina. Dikrii ilikuwa na majina mawili, pasipoti ina matatu, na nikarudishwa kutoka hatua ya tatu hadi ya kwanza. Dada, linganisha majina yako leo, kabla hujalipia chochote.

Karani Mstaafu

Mwana wa Pangani amesema kweli kuhusu Falme za Kiarabu. Kwa Ujerumani hali ni nyingine, na ndiyo maana namsihi dada asiifuate njia hiyo bila kuuliza. Balozi za Ujerumani zimesitisha kuthibitisha hati za nchi kadhaa, Kenya ikiwemo. Badala yake, ofisi ya ndoa ya Ujerumani huuomba ubalozi wao uchunguze hati, na ubalozi humtuma mtu wanayemwamini aende hadi masjala kulitazama jalada. Ombi hilo hutoka kwa ofisi ya huko. Wewe huwezi kulipeleka mwenyewe, wala wakala hawezi, na uchunguzi huchukua miezi. Mchumba wako aombe kwa maandishi orodha kamili ya hati wanazotaka, na aulize pia kuhusu tafsiri ya Kijerumani, ambayo kwa kawaida huhitaji mfasiri aliyeapishwa.

Jambo la heri ni kwamba, kwa kuwa nyote wawili mlikuwa Wakenya na talaka imetolewa na mahakama ya Kenya, sheria ya Ujerumani haidai kesi ya pekee ya kuitambua talaka hiyo. Mmoja wenu angekuwa raia wa nchi nyingine, mngelazimika kwanza kuomba utambuzi kwa mamlaka ya haki ya jimbo.

Binti wa Embakasi

Mzee wangu, Mungu akuzidishie. Nimeisoma dikrii yangu usiku huu, na kweli ni ile ya awali. Mhuri niliolipia uligongwa juu ya karatasi ambayo haikuwa imekamilika, na hakuna aliyeniambia. Jumatatu asubuhi nitakuwa masjala. Je, ni lazima niende na wakili ili kuomba dikrii ya mwisho?

Karani Mstaafu

Si lazima, mwanangu. Andika barua ya maombi kwa jina lako, taja nambari ya kesi na tarehe ya dikrii ya awali, ubebe kitambulisho. Wakikupa malipo ya kufanya, lipa kwa njia rasmi ya serikali na uitunze risiti, usimpe mtu yeyote pesa mkononi kwenye ujia. Ukiipata, omba nakala mbili zilizothibitishwa, moja ibaki nyumbani.