Hizi programu za "walezi wa wagonjwa wa kiharusi" zimetengenezwa kwa ajili ya nani?

Wakuu, saa tisa usiku hii nimetoka kumgeuza mzee na nina hasira, mnivumilie.

Mzee wangu alipata kiharusi miezi saba iliyopita. Upande wa kulia umelala na maneno yamempotea: anakuelewa vizuri tu, ila akitaka maji kinachotoka ni "ndiyo, ndiyo, ndiyo". Ninayemuuguza ni mimi. Nikapakua programu moja kwenye simu, ina Kiswahili, nikafurahi. Kuifungua tu: "Pigo la mpendwa wako linaendeleaje?" Pigo! Utadhani nimempiga mimi.

Ikataka ridhaa ya mgonjwa, na namna yenyewe ni asome sentensi kwa sauti. Mtu aliyepoteza maneno! Dawa za presha nikaziweka saa mbili asubuhi, kengele ikalia saa nane usiku, mzee akashtuka nusura aanguke kitandani. Aliyetafsiri alibadili maneno tu, saa zetu hazijui.

Hayo ningeyacheka. La maji silicheki. Jioni moja mzee alipaliwa, akakohoa mpaka machozi, sauti ikabaki ya majimaji. Mkono mmoja nimemshikilia, wa pili natafuta "kumeza" kwenye simu. Nikaipata, ina alama ya kufuli: "Kamilisha kwanza somo la 1 hadi la 8." Nilikuwa somo la 2, sehemu za ubongo.

Nilichohitaji nilikuja kuambiwa na muuguzi kwa dakika mbili, bila nywila. Mkalishe wima kabisa, kidogo kidogo kwa kijiko, usimlaze mpaka dakika 30 zipite. Na akipaliwa na maji usiendelee kumnywesha, apelekwe apimwe umezaji, kwa sababu yakiingia mapafuni yanaleta nimonia. Hilo linawekewa kufuli?

Kuna na video: binti anatabasamu, anamwinua baba yake kwa kumvuta mkono uliolala. Jamani! Misuli ya pale haishiki tena, ukivuta bega linachomoka. Nani aliipitisha?

Halafu kila siku: "Umejisikiaje leo? Chagua uso." Nikachagua unaolia. Nikapewa zoezi la kupumua. Mimi usingizi wangu unakatwa kila baada ya saa mbili, maana asipogeuzwa atatoka vidonda vya kulalia. Kupumua najua. Nataka mtu wa kunipokea zamu, au angalau ndugu zangu waone humo humo nani kamgeuza lini, waache kuniuliza "mzee anaendeleaje" na kupotea. Sehemu ya kuongeza mtu wa pili haipo kabisa. Inaamini mgonjwa ana mlezi mmoja asiyechoka.

Kilichokuwa kizuri, niseme ukweli, ni grafu ya presha. Daktari aliipenda. Nikataka kumpelekea ya mwezi mzima, ikaniambia nilipie. Vipimo nilivyompima mwenyewe asubuhi na jioni!

Nimeifuta. Nimerudi kwenye daftari, kalamu nimeifunga kwa uzi kwenye mguu wa kitanda.

Mnaouguza, kama kuna programu inayofanya kazi bila bando na inayokubali watu zaidi ya mmoja, itajeni. Wa dawa ya kuinua kiharusi kwa siku saba, usinifuate inbox.