Naomba ushauri: leseni gani inafaa masomo yangu ya takwimu?

Habari zenu wakuu. Nimefundisha takwimu kwa miaka mingi, na sasa nina video 40 na mazoezi yake. Nataka mwanafunzi yeyote azipate bure. Shida ni leseni.

Nimesoma kuhusu Creative Commons (CC), yaani leseni za wazi ambazo mwenye kazi huwaruhusu watu wote kuitumia kwa masharti aliyoyachagua. CC BY inaruhusu mtu kutumia, kubadilisha, hata kuuza, mradi anitaje. Nikiongeza NC, biashara inazuiwa. Hata MIT, chuo kikuu cha Marekani, masomo yao ya bure mtandaoni ya OpenCourseWare wameyaweka chini ya BY-NC-SA (SA ni kwamba anayebadilisha kazi naye aitoe kwa leseni hiyohiyo). Kinachoninyima usingizi ni kwamba leseni hizi ukishazitoa, huwezi kumnyang'anya aliyekwisha kuipata kazi yako. Na kuna kampuni imeniletea mkataba, inataka haki za kipekee, yaani wao peke yao ndio wazitumie video hizi. Nikitangulia kutoa CC, upekee huo sina tena cha kuwauzia. Nikisaini kwanza, huenda nikazuiwa kutumia video zangu mwenyewe darasani, na hilo linaniuma kweli.

Kuna aliyewahi kukubaliana haki isiyo ya kipekee, tena kwa muda maalumu? Kifungu hicho mlikiandikaje? Halafu kuna michoro miwili niliyoitoa kwenye kitabu cha mtu: niombe kibali, au niichore upya kwa data zangu?