Kumrekodi mtu bafuni kwa siri kuwe kosa la jinai, hata kama video haijasambazwa

Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Binamu yangu amepanga chumba Sinza, nyumba ya wapangaji wengi, bafu la pamoja uani. Juzi jioni anaoga, anainua macho, simu imechungulia juu ya ukuta! Akapiga kelele, watu wakatoka, kijana wa chumba cha pili akadakwa nayo mkononi. Humo ndani zimo video za binamu yangu, na za mama mmoja wa nyumba hiyohiyo.

Tukaenda kituoni. Swali la kwanza la askari: "Amesharusha mtandaoni?" Hatujui, afande. Basi, hapo hakuna kesi, kayamalizeni kwa mjumbe. Kwa mjumbe! Mwanamke amerekodiwa uchi, tukasuluhishwe kama waliogombea zamu ya kufagia uwanja?

Nimeisoma Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015. Kifungu cha 14 kinamshughulikia anayechapisha ponografia: faini isiyopungua milioni 20 au jela isiyopungua miaka 7. Kali, sawa. Lakini inamsubiri mtu asambaze, na kabla hajasambaza anakushikia video hiyo shingoni: toa hela, njoo ulale naye. Halafu video ya mtu anayeoga ukishaiita ponografia, aliyerekodiwa naye anaonekana mshiriki. Mabinti ambao video zao zilivuja tumeona wakiitwa polisi kuhojiwa wao. Nani atathubutu kushtaki?

Ibara ya 16 ya Katiba inasema kila mtu anastahili hifadhi ya faragha yake. Hifadhi gani hii?

Uingereza tangu 2019 kumpiga mtu picha chini ya sketi bila ridhaa yake ni kosa la jinai, hadi miaka 2 jela. Korea Kusini wanawake walijaa barabarani Seoul mwaka 2018 kupinga kamera za siri vyooni. 2020 adhabu ya kurekodi ikapanda hadi miaka 7, na anayehifadhi au kutazama video hizo naye ana kosa.

Wabunge wetu waandike wazi: kurekodi penyewe ni kosa, na kutishia kusambaza ni kosa jingine. Simu ichukuliwe kama kielelezo siku hiyohiyo, kabla hajafuta. Jina la mlalamikaji lifichwe.

Wanasheria wa humu, kama kuna kifungu cha kumbana huyu kijana sasa hivi, kiwekeni hapa. Jumatatu tunarudi, safari hii moja kwa moja Dawati la Jinsia la polisi.